Vitone Vinne vya Dorcas Venning

Clerkenwell, London. Ramani mezani,
kalamu nyekundu, chai imepoa.
Kitone cha kwanza: Dorcas Venning, mjane, mtengeneza dira,
"penye alama ya Kasa na Bikari".
Enzi hizo nyumba zilikuwa na picha, si namba.

Mwaka uliofuata yuko uchochoro wa pili.
Halafu nyuma ya kiwanda cha pombe.
Halafu daftari la bima: *amehama, haijulikani wapi.*
Mwenye nyumba, nadhani, alizoea kubisha alfajiri.

Jana nilikwenda kwa miguu hadi kile cha tatu.
Sasa ni duka la dobi. Bwana Sezgin akazima mashine,
akanisikiliza, mikono ina povu,
kisha akaleta kopo la kahawa:
chembe za shaba, alizookota
alipong'oa mbao za sakafu.
"Nilidhani ni dhahabu," akasema.
"Mke wangu alicheka wiki nzima."

Kopo hakunipa. Aliniazima punje moja tu,
imo ndani ya bahasha.

Kitone cha tatu nimekikoleza.
Cha nne sijui nikiweke wapi.
Punje nimeilaza ukingoni mwa karatasi,
nje ya mitaa yote,
na dirisha nimelifunga, isije ikapeperuka.