Kamba Yenye Mafundo Mawili

Katalogi zilipofika, Bwana Hamyari alizitandaza mezani
kama anayeonyesha vitambaa vya harusi:
hili la Austria, hili la Ujerumani, hili la Japani,
yote mekundu, yote yamepigwa picha kwenye theluji,
na sisi tupo Al-Hamra, mwezi wa saba,
kiyoyozi kinakohoa.

"Tangi lita elfu kumi," alisema muuzaji, kijana mpole.
"Ngazi mita arubaini na mbili."
Nikamuuliza: jengo refu hapa ni lipi?
Akachungulia dirishani. Mnara wa msikiti, akasema.
Wenzangu wakacheka. Mimi sikucheka.

Mimi ni mshika pampu, mwaka wa ishirini na mbili,
mambo ya zabuni siyajui. Waliniita
kwa kuwa fomu ilidai sahihi ya "mtumiaji".
Basi mtumiaji alikuja na kamba mfukoni.

Kamba ya katani, ina mafundo mawili.
Fundo hadi fundo ndio upana wa kichochoro
cha mtaa wa kale, pale nyumba za udongo
zinapoinamiana kama wanaosengenya.
Niliupima baada ya moto wa ghala la tende
la Bibi Ghaliya. Ghorofani walilala vibarua watano.
Gari letu lilifika langoni, likakwama mabega.
Mama yangu, mtu wa Wete, alitufunza
penye watu tupige simile;
king'ora kilipiga simile usiku kucha,
ukuta haukusogea.
Mpira wa maji ukaishia hatua thelathini na moja
kabla ya mlango. Nimezihesabu asubuhi yake,
na jioni yake nikazihesabu tena.
Tuliteka maji ya falaji kwa ndoo, kwa masufuria, kwa helmeti.
Wanne walitoka kwa miguu yao.
Shafiqul alitoka amebebwa.
Sukari nyeusi ilichuruzika ngazini hadi alfajiri.

Nikainyoosha kamba juu ya katalogi.
Hamyari akashika ncha ya pili, bila kuambiwa.
Magari yote ya theluji yalizidi fundo,
ila moja, ukurasa wa nyuma, dogo, halina hata picha kubwa.

"Lita elfu moja na mia tano," akasoma taratibu.
"Kwa pampu yako, hayo ni maji ya dakika tatu.
Dakika ya nne utafanya nini?"
Hakuwa akinikejeli. Na mimi sikuwa na jibu.

Nikaenda kwa Mahfudhi, arifu wa falaji,
ambaye mchana ni mwalimu wa hesabu.
Nilimkuta anasahihisha mitihani ya darasa la sita.
Maji haya yana wenyewe, akaniambia:
nusu saa ya mayatima, robo ya msikiti,
dakika kumi na mbili za mtu aliyekwenda Dubai
na bado anazililia kwa simu.
Nikasema: moto ukija, ni zamu ya nani?
Akanyamaza. Akafunga mitihani, akafungua daftari la zamu,
akachonga penseli, tena polepole mno,
chini ya msikiti akaandika:
Zimamoto. Saa yoyote.

Tulinunua mawili. Kubwa ni la barabara ya mlimani,
malori ya mafuta, na gwaride; Hamyari naye ana haki yake.
Dogo lilikuja mwezi wa pili, viti bado vina nailoni,
na pampu ya kubeba mikononi, ya kunywea falajini.

Siku ya majaribio nililiingiza mwenyewe kichochoroni,
vioo nimevikunja, pumzi nimeibana
kana kwamba mwili wangu ndio ungepunguza upana.
Hatua ya kumi. Ya ishirini. Ya thelathini na moja.
Hapo nikasikia kitu kinakwaruza.

Dirisha likafunguka juu yangu.
"Wewe! Plasta yangu nani atalipa?"
Nikashuka, nikatoa fomu ya ripoti,
nikaandika mbele ya Bibi Ghaliya asome:
gari limefika mlangoni;
hasara, plasta, shubiri moja.
Akaitazama. Akasema ni shubiri moja na nusu.
Nikafuta, nikaandika upya.