Ile Diski Iliyokuwa Ikigongagonga

Jumapili niliitoa mimi, kwa mikono yangu,
ile diski kuukuu iliyokuwa ikigongagonga
kama mtu atafutaye kijiko gizani.
Heldur alisema: haina kitu, niliifuta mwaka juzi.
Nikaamini. Nikafungua skrubu nne,
nikaivisha soksi ya sufu, nikaipandisha juu ya kabati
kando ya mitungi ya matango ya siki.
Chumba kikanyamaza. Tukaunywea chai ule ukimya.

Jumanne, saa tano usiku, simu.
"Aive, haiamki."
Feni yavuma, taa ya kijani ipo,
ila skrini nyeusi tii, na juu pembeni
kistari kimoja cheupe
chapepesa,
chapepesa.

Nikavuka daraja la Emajõgi kwa miguu,
nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri,
bisibisi mfukoni, fleshi ndani ya glavu ipate joto.
Tartu imelala. Moshi wa nyumba za mbao
umesimama wima, hauendi popote.

Ndani ya kasha zimebaki diski mbili.
Ya kwanza ina Windows, kwa ajili ya programu moja tu,
nzee, isiyokubali makazi mengine,
isomayo chombo chake cha kupimia barafu ya ziwa Peipsi.
Ya pili ina Linux; huko ndiko anakoandika.
Miaka thelathini na minane ya barafu, sentimita kwa sentimita,
na kesho saa nne watu wa barabara wanataka jibu:
gari lipite juu ya ziwa, au lisipite?

Nikaingia kwenye mipangilio. Diski zote mbili zimeandikwa, majina na ukubwa.
Nikatanguliza hii. Kistari.
Nikatanguliza ile. Kistari.
Nikabadilisha waya, nikabadilisha tundu, nikatoa betri ya saa
nikairudisha, nikapuliza vumbi nikakohoa.
Heldur kashika tochi, mkono unamtetemeka,
mwanga unahama kutoka ubao mama hadi ukutani, unarudi.
Hakuuliza kitu. Afadhali angeuliza.

Nikachomeka fleshi, tukaingia kwa dirisha.
Majira yote ya baridi yalikuwamo, faili kwa faili.
"Zipo," nikamwambia, naye akaketi juu ya ndoo ya kuni.

Sasa, kama wote wamo ndani, nani hafungui?
Nikasoma kichwa cha diski ya kwanza: hakuna bawabu.
Ya pili: hakuna.
Nyumba mbili zina watu, na funguo hazimo katika yoyote.
Ndipo nikainua macho
polepole
juu ya kabati.

Siku ya kusimika mfumo, miaka tisa nyuma,
ile kuukuu ndiyo iliyokuwa ya kwanza katika safu.
Bawabu akalazwa humo, penye kichwa, mahali padogo
ambapo kufuta faili hakufiki.
Wahenga walituonya juu ya mbachao na msala upitao;
skrubu nne hawakuzitaja.

Ningeweza kusema ni betri. Neno lilikuwa mdomoni.
"Ni mimi, Heldur. Ni ile niliyoitoa."
Akaitazama soksi yake. "Nilisema haina kitu," akasema,
akapanda kiti kabla sijamzuia.

Ikarudi na nyuzi za sufu kwenye pini.
Ikagonga mara tatu, ikasita, ikagonga.
Kisha menyu: majina mawili, sekunde kumi zikihesabika kurudi nyuma,
na Heldur akachagua kwenye ya saba, kama kawaida yake.

Nikamwahidi: Jumamosi nitamhamisha bawabu, aishi na Linux.
"Na hii itanyamaza?"
"Itanyamaza."
Akafikiri kwa muda mrefu, kidole juu ya kibodi.
"Jumamosi nina shughuli," akasema.

Saa nane usiku namba zikatoka.
Arobaini na moja, upande wa kisiwani thelathini na sita.
Akaandika: lipite, moja moja, mikanda isifungwe.
Ile kitu ikaendelea kutafuta kijiko chake.