Hodi ya Kunduchi

Juma zima tulipima barabara ya juu pale Tazara,
yeye na darubini yake, mimi na fimbo ya mistari.
Jumamosi, tukifunga vifaa, Bwana Morishige akaniuliza
kwa Kiswahili chake cha kuhesabu hatua:
"Ninyi, wakubwa wenu wa zamani,
mnawasalimia wapi?"

Nilitaka kusema makumbusho. Nikaona haya.

Nikampeleka Kunduchi, ng'ambo ya wagonga kokoto,
kwenye makaburi aliyonipeleka bibi nikiwa na miaka saba,
nimebeba ubani kwenye kipande cha gazeti,
nikiapa kwamba nikikua sirudi.

Sikudhani alikata risiti mbili,
ya mwenyeji na ya mgeni, bei mbalimbali,
akarudi kwenye simu yake.

Nguzo zimesimama kama meno yaliyobaki.
Palipokuwa na mabakuli ya Kichina ni matundu;
moja tu limesalia, nusu, la buluu,
limeing'ang'ania chokaa
kama mtoto anayekataa kuachishwa ziwa.
"Nani aliyachukua?"
Nikamjibu kwamba hatujui.
Tunajua. Moja lilikuwa kabatini kwetu, la chumvi.

Akavua kofia. Akafungua chupa ya maji,
akanawa kushoto, akanawa kulia, akasukutua.
Nikasema moyoni: kumbe anatawadha.
Akainama mara mbili. Akapiga makofi mawili,
pa, pa,
kunguru wakaruka, Sikudhani akaja mbio:
"Dada, mwambie mgeni wako hapa si ngomani!
Kwa wazee hapapigwi makofi, panapigwa hodi."

Nikafasiri. Morishige akafikiri kitambo,
jasho likimtiririka shingoni.
"Kwetu," akasema, "makofi ndiyo hodi."

Sikudhani akacheka, akaziba mdomo kwa kitabu cha risiti.
Halafu, kama mtu anayejaribu kiatu cha jirani,
akapiga yake, polepole.
Pa. Pa.

Hakuna aliyeitikia karibu.
Huko nje nyundo za kokoto ziliendelea,
pa, pa, pa, pa,
siku nzima, hodi za watu wasiojua wanagonga kwa nani.

Akaweka sarafu yenye tundu katikati
pale palipong'olewa bakuli.
Mimi sikuwa na kitu mkononi.

Usiku nikampigia mama.
"Lile bakuli la chumvi, bado lipo?"
Akanyamaza hata nikadhani salio limekwisha.
Kisha, kwa sauti ya chini:

"Nani amekuuliza?"