Paa la Risasi

Penvela, mji mdogo,
lango lake la magogo,
watu wake bila zogo,
huko Konwali mwambani.

Wakaja mwezi wa nane,
mizinga kumi na nne;
watu, hata usinene,
wamejaa mabondeni.

Sisi tulikuwa mia
tatu, wazee, na pia
ng'ombe tuliowatia
kwa hakimu, sebuleni.

Mjumbe wao akaja:
"Siku moja nawangoja,
kisha mnara navunja,
niwakute magotini."

Mama mwoka wa mikate
akamtemea mate,
nasi tukacheka sote
kicheko cha mashakani.

Hawakupiga mnara.
Wakaziba barabara
na mfereji. Hasara:
hakuna maji mjini.

Usiku, mioto yao,
zumari na nyimbo zao;
kondoo wetu, si wao,
wakinukia motoni.

Na risasi zikaisha;
tukapanda, tukashusha
paa lote, kuyeyusha
risasi ya kanisani.

Mimi nilishika ngazi.
Kasisi, mwingi wa chozi,
"Mungu atalala wazi,"
alinena, "baridini."

Kiu. Tulilamba mawe,
umande wake tupewe.
Jago akasema, "Niwe
samaki wa mkondoni."

Mwana wa dada, miaka
mitano; akakauka.
Jumanne tukamweka
kwa nduguze, mchangani.

Jumatano ikanyesha.
Mapaa yaliyapisha
maji, yakayatelesha
nje, kwa wao, bondeni.

Kanisani, kwa udongo
tukaiziba milango;
maji yakafika shingo
ya simba wa kaburini.

Ng'ombe, watoto, wazazi,
kasisi na lake chozi,
paa la mbingu li wazi,
tukanywa tu magotini.

Wao tope liliwala,
wakahara bila kula,
mahema yote kulala;
wakaondoka gizani.

Leo paa limejengwa,
kengele inagongwa,
na tenzi zimeshatungwa
za mashujaa vitani.

Nami, wingu likitanda,
humwona dada akenda,
ana kikombe, apanda
akimwage mchangani.