Waya wa Arobaini na Moja

Gari la wagonjwa limekwama katikati ya daraja,
juu ya mto Hugli, saa kumi na moja jioni,
nyuma ya lori la matofali na basi lililobeba harusi.
King'ora kinalia. Hakuna anayesogea.
Angesogea wapi?

Baba amelala chali, barakoa ya hewa usoni,
na kwa kuwa hana pengine pa kutazama
anatazama juu, dirishani,
nyaya zinazoshuka mshazari kutoka mnarani.

Miaka kumi na tisa alizipaka rangi.
Alining'inia pale kwa mkanda wa turubai,
ndoo kiunoni, upepo ukimpekua mifuko,
na chini vivuko vikipishana na majahazi ya mchanga,
vikitukanana kwa honi.
Alirudi na nywele za fedha kabla ya mvi.
Mama alimsugua kwa mafuta ya taa, akiguna:
"Mimi nimeolewa na mtu au na mlingoti?"

Ushuru wa daraja hakuwahi kulipa.
Gari la kulipia alilitoa wapi?
Alivuka kwa kivuko, kwa sarafu mbili,
akilitazama daraja lake kwa chini,
kama fundi anayekagua upindo wa kanzu ya tajiri.

Sulata, dada yangu, anamshika kifundo, anahesabu mapigo.
Mimi nahesabu magari.
Baba naye anahesabu: midomo inacheza ndani ya barakoa.
Naisogeza kidogo. Nainama.
Nangoja wosia: kile kiwanja cha Uluberia,
deni la Haradhan, jina la mama, chochote.

"Wa arobaini na moja," asema.
"Rangi imebabuka. Pale shingoni.
Kutu haibishi hodi. Mwambie Paresh."

Paresh tulimchoma mwaka wa mafuriko.
"Nitamwambia, Baba."

Lori linakohoa, linajikokota. Daraja linatetemeka chini yetu,
na Sulata anashtuka, anashika ukingo wa machela.
Baba anatabasamu. Utotoni alitufundisha:
lisilotikisika ndilo la kuogopwa.

Arobaini na mbili. Arobaini na tatu.
Nageuka, nachungulia kioo cha nyuma,
na kweli, shingoni mwa ule waya,
doa la kahawia, dogo kama kucha,
limeshaanza kula.

Tangu siku hiyo natafuta
wa kumwambia.