Tunakuza

Kwenye kibao cha studio yangu hapa Masasi
fundi rangi aliandika: TUNAPIGA, TUNASAFISHA, TUNAKUZA.
Neno "picha" lilikosa nafasi.
Kwa hiyo huingia watu na shida zisizo zangu.
Mmoja alileta kifaranga kwenye kofia, akicheka.

Hilo la tatu nilikutana nalo kwanza kwa Kiingereza.
Mwalimu Namwambe aliliandika ubaoni, chaki ikilia.
"Kitenzi hiki kinapenda vitu," alisema.
"Mpe picha, mpe shamba, mpe nyumba, atavikuza.
Lakini mkikifuatisha na 'juu ya',
basi, kimeacha vitu. Sasa ni kusema,
kusema jambo kwa kirefu."
Niliandika. Sikuelewa. Nilipata nne kwa kumi.

Msimu wa korosho, malipo ya kwanza yametoka,
akaja Bi Somoe wa Chikundi
na kitambulisho cha chama cha msingi.
Picha ndogo kama ukucha wa dole gumba,
muhuri wa zambarau umelalia sikio.
"Huyu Bakiri. Nataka awe hivi,"
akapima kwa mkono, kitovuni hadi kwenye paji la uso.

Kwenye chumba cha giza nikapandisha kichwa cha mashine,
nikapandisha tena, kikagonga dari.
Karatasi ikaogelea kwenye dawa.
Muhuri ndio uliotangulia, mpana kama sahani.
Halafu shavu: chenga, chenga tupu,
unga wa muhogo uliomwagika.
Jicho lilikuwa nukta kumi na moja. Nilizihesabu.

Mashine haiongezi mtu.
Huchukua kidogo kilichopo, ikakitandaza
mpaka uone kilivyokuwa kidogo.

Aliitazama ikiwa bado yachuruzika.
"Kukuza kwenu huku," akasema.
"Hata Ndanda waliniambia. Daktari
aliinua ile picha nyeusi dirishani,
akasema, mama, moyo wa mzee umekua.
Nikamwambia ahsante.
Nilijua anamsifu."

Mimi hujua la kusema: bei, saizi, njoo Alhamisi.
Nikamsogezea kigoda.
Sema juu yake, nikasema.

Akasema.
Kwamba Bakiri alipiga chafya tatu, hazizidi,
kila mikorosho ilipotoa maua.
Kwamba alihesabu magunia kwa Kimakua
na madeni kwa Kiswahili, ili yasimzoee.
Kwamba aliogopa mbuzi, mtu mzima yule,
na mwenye duka wa Nangoo alimdai mia nne
akawa anapita nyuma, kwenye mihogo, miaka miwili,
mpaka mwenye duka akafa, naye akalia kweli.
Kwamba hilo sikio chini ya muhuri
lilikuwa na kipele, na alikuwa akikigusa akidanganya.

Wateja wawili walichungulia wakaondoka.
Jua lilitoka mezani likapanda ukutani.
Nilirudisha kiti nyuma, nikarudisha tena,
chumba hakikututosha.

Picha aliichukua vilevile, na chenga zake.
Alilipa nusu; nyingine, malipo ya pili.
Malipo ya pili yalitoka Februari. Sijamdai.

Fundi rangi amepita juzi, anauliza
kama nataka aongeze lile neno lililobaki.
Nikamwambia ngoja kwanza.
Nje mtu alikuwa amepiga chafya,
nami nilikuwa nahesabu.