Mabehewa Saba

Kabla ya adhana ya Isevya nimeshaamka.
Beseni la kwanza ni la unga, limeumuka usiku,
limesukuma kitambaa juu kama mtu anayetaka kusema.
Hilo ni la stesheni, la abiria wa Kigoma,
maandazi mia na ishirini.
Beseni la pili ni dogo, la bluu, lina ufa.
Hilo ni la Maganga.

Nilimlisha mwenyewe, siwezi kumsingizia mtu.
Miaka thelathini na mmoja, yaliyobaki kwenye sinia
yalikuwa yake, na chai ya vijiko vinne vya sukari,
kisha achukue taa yake ya kijani na nyekundu
akawaambie wenye treni lini waje, lini wangoje.
Mwezi wa nane pale Kitete wakamchoma kidole.
Muuguzi akaandika namba, akaipigia mstari mara mbili.
Tulirudi kwa miguu. Hakuna aliyesema neno
mpaka tulipofika kwa fundi bati.

Vikopo saba, nikamwambia fundi, upana wa ngumi ya mtoto.
Akakata debe la mafuta ya kula, akakunja kingo
zisije zikanichana. Akauliza: keki za harusi?
Nikasema ndiyo. Ilikuwa rahisi kuliko ukweli.

Sasa mayai.
Kila moja peke yake ndani ya kikombe kwanza,
maana yai viza halina alama usoni;
la jirani Nyanzala liliwahi kunitia hasara
nikamwaga na wenzake watano wasio na hatia.
Leo sita yametoka salama. Nayapiga kwa uma.
Karoti nimeiparuza, hoho nimelikata jembamba kama kucha,
mchicha nimeukamua mpaka vidole vikauma,
kwa sababu mchicha wenye maji hulia ndani ya yai
na yai likaloa kama godoro la mtoto.
Na uyoga! Ni Desemba, wanawake wa Ilolangulu
wameuleta kwa ndoo, una udongo wa miombo masikioni.
Chumvi nilichota,
nikakumbuka,
nikarudisha nusu.

Sufuria kubwa, mchanga wa mtoni chini,
vikopo sita duara na kimoja katikati.
Makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko.
Shangazi Mhoja alinifundisha mkate wa mchele hivi hivi:
moto wa chini huunguza, wa juu ndio hupika.
Nilikuwa msichana; nilidhani anasema habari za ndoa.

Yai halina hamira lakini huinuka,
huinuka kwa kiburi chake lenyewe,
na ukilifunua ghafla huona haya, likashuka kidogo.

Nampangia mezani kwa mstari, moja nyuma ya jingine.
Maganga anatazama muda mrefu.
"Andazi hili mmelinyoa unga," anasema.
Kisha anasogeza moja kwa kidole
mpaka liguse lenzake, tik, na lenzake liguse la mbele.
"Mabehewa. Saba. Mzigo wa bustani."
Anaanza na la mbele.
"Chumvi umeisahau Urambo?"
Anakula la pili. La tatu.
La nne analisukuma upande wangu.
Nimesimama na kijiko cha matundu mkononi,
miaka yote hii sijawahi kunywa chai ya asubuhi nimekaa,
sijui hata kigoda changu ni kipi.
Nakaa juu ya gunia la makaa.

Ndani ya karai mafuta yanaanza kunong'ona.
Maandazi ya kwanza yanageuka yenyewe, yanavimba,
harufu ya iliki inavuka ua bila hodi.
Yeye anaacha kutafuna.
Macho yake yanalifuata sinia kutoka karai mpaka mlangoni
kama mtu wa reli anayetazama treni
isiyopangiwa kusimama kwenye stesheni yake.
Ananyoosha mkono, kiganja wazi, polepole,
anairuhusu ipite.